Mkono Uliobaki Mfukoni

S.L.P. 41,
Mweiga, kupitia Nyeri.
17 Juni 1974

Kwa dada yangu mpendwa Nasirumbi,

Pokea salamu nyingi kuliko viazi vya Mweiga, na hizo si chache, maana huku viazi vinalala kando ya barabara vikingoja magunia. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ndiyo inataka kunimaliza. Asubuhi ukungu unashuka kutoka milima ya Nyandarua mpaka mlangoni mwangu, na chaki inaniponyoka kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Lakini nakula, nalala, nafundisha. Habari za kuoa usiniulize, nitaanza kukohoa.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara nne. Umesema Baba hainuki tena kitandani, na kwamba amekuita Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, uende na kuku, upige magoti mbele yake na wazee wa ukoo, ukiri kwamba wewe ndiye uliyechoma ghala la mahindi mwaka ule wa hamsini na tatu, ili akuondolee yale maneno aliyokutamkia. Umesema hukumbuki kudondosha kaa la moto, lakini umechoka, na pengine lilidondoka kweli, nani ajuaye. Kisha ukaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba yetu, kama ni dhambi mtu kukiri kosa asilolikumbuka.

Dada, swali hilo nitalijibu. Nivumilie tu, maana nimejaribu tangu Alhamisi kulijibu kwa mkato na kalamu inakataa. Sina njia ya kulifikia ila kwa kuzunguka, na mzunguko wenyewe unapita kwa mwanamke wa Kijapani mwenye upanga. Najua umeshacheka. Ulikuwa ukisema kwamba mimi nikitumwa chumvi, hupitia kwa kinyozi na kwenye matanga kwanza. Haya, twende.

Mwanamke huyo anaitwa Michiko Hayasaka. Serikali yao ilimleta hapa shuleni miaka miwili iliyopita kufundisha hesabu, kwa kujitolea. Ni mfupi, wasichana wa kidato cha pili wanamzidi kimo, na anatembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alikuja na sanduku moja la nguo na mfuko mmoja mrefu wa turubai, na mlinzi wetu alipoufungua kuukagua nusura aite askari. Mlikuwa na panga nne nyembamba, zisizo na makali, kila mmoja ukiwa na kifundo kidogo kwenye ncha, na kofia za waya za kufunika uso. Akina mama wa Mweiga walipoziona walisema ni sindano za gunia, zile za kushonea magunia ya viazi, na jina likabaki hilo. Hata mwalimu mkuu siku hizi anasema wasichana wamekwenda kwenye sindano.

Kwao, dada, mchezo huo ni kitu kikubwa, na yeye alikuwa mtu mkubwa ndani yake. Alinisimulia kidogokidogo, katika chumba cha walimu, tukisahihisha madaftari. Baba yake ni fundi saa katika mji wenye theluji. Alianza mchezo akiwa na miaka kumi na mitatu, mama yake akilia kwamba atang'olewa jicho. Alipofika chuo kikuu aliwashinda wasichana wote wa vyuo vya nchi nzima, miaka mitatu mfululizo. Picha yake ikatoka kwenye magazeti, wasichana wakakata nywele kama zake, na kampuni ya biskuti ikaweka uso wake kwenye mikebe. Mkebe mmoja anao mpaka leo, anawekea chaki. Nimeushika mimi mwenyewe. Yuko hapo anacheka, upanga begani, ana miaka ishirini na moja.

Kisha ikaja siku ya kuchagua wa kwenda Olimpiki ya Meksiko. Wao wana mashine inayowasha taa mtu akiguswa na ncha, lakini siku hiyo mashine iliharibika, wakarudi kwenye utaratibu wa zamani wa macho ya watu. Waamuzi husimama pembeni, na anayeona mguso huinua mkono. Na kuna desturi nyingine, ya zamani zaidi: aliyeguswa, ikiwa waamuzi hawakuona, huinua mkono mwenyewe na kusema nimeguswa. Walikuwa sare, umebaki mguso mmoja. Ncha ya mwenzake ikampata chini ya mbavu. Hakuna mkono ulioinuka. Yeye akainua wake. Mwenzake ndiye aliyekwenda Meksiko.

Nilimuuliza kama walimsifu kwa uungwana huo. Akasema walimsifu kwa wiki mbili. Baada ya miezi mitatu mikebe ya biskuti ilikuwa na uso wa mtu mwingine, mwimbaji fulani. Alisema watu walimpenda miaka sita, wakamsahau kabla theluji haijayeyuka, na hakusema kwa uchungu, alisema tu huku akiweka alama nyekundu kwenye daftari la mtoto aliyegawanya kwa sifuri.

Basi, huku kwetu walimpenda upya. Sijawahi kuona mgeni akipendwa hivyo, na mimi ni mgeni hapa mwaka wa saba, naujua ugeni. Anakaa kwa mama mmoja mjane anayeitwa Monicah, mwenye ng'ombe watatu na mdomo usiopumzika. Mama Monicah alimpa jina la mama yake mzazi, Wangechi, na huku jina halitolewi bure. Watoto wa sokoni wakawa wanachokonoana kwa vijiti, goti moja mbele, mkono mmoja nyuma, kama alivyowafundisha wasichana wetu. Mpiga picha mmoja wa Nyeri mjini akaweka picha yake dirishani, kofia ya waya kwapani. Watu walikuja kutoka Karatina, hata Murang'a, kuangalia wasichana wakicheza Jumamosi. Wazee wa kanisa walinung'unika ati msichana na upanga wapi na wapi, lakini nao walikuja, wakasimama nyuma.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Usicheke. Nilijifunza kuamua, kwa kuwa mwili wangu ulikataa kujifunza kucheza.

Sasa yuko hapa Inspekta wa polisi mmoja, Kioko, Mkamba, mtu mrefu wa mkono wa kushoto. Alipelekwa Uingereza kwa mafunzo, na huko akajifunza mchezo huohuo. Aliposikia habari za Michiko akasema tucheze mbele ya watu, Siku ya Madaraka, katika uwanja wa Nyeri. Habari zikaenea kama moto wa nyasi. Na jua kwamba mwezi wa Aprili polisi walikuwa wamemwaga pombe ya akina mama wa hapa, mitungi kwa mitungi, na akina mama hawajasahau. Kwa hiyo halikuwa tena jambo la mchezo. Mama Monicah alikuwa akitangaza sokoni kwamba Wangechi wake atamshona polisi kama gunia.

Siku ilipofika, dada, uwanja ulijaa mpaka juu ya miti. Mbele ya watu wote tulisimama waamuzi wanne. Waliokuwa wa kumtazama Michiko, kuona kama Kioko amemgusa, walikuwa wawili, mimi upande mmoja na Bwana Theuri wa posta upande wa pili. Mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa msimamizi. Mchezo wenyewe ni wa haraka, ukipepesa macho umekosa. Kioko akatangulia, Michiko akamfikia, akampita, Kioko akasawazisha. Ukabaki mguso mmoja. Nikasikia ndama akilia ng'ambo ya barabara.

Kioko aliingia kwa chini, kwa ule mkono wake wa kushoto. Niliiona ncha ikifika juu kidogo ya nyonga ya Michiko. Niliona upanga ukipinda kwenye koti lake jeupe, ukapinda vizuri kabisa, hata asiyejua mchezo angejua. Papo hapo Michiko naye akamgusa Kioko kifuani, lakini alichelewa. Mwalimu mkuu akasimamisha, akauliza waamuzi. Bwana Theuri alikuwa amepigwa na jua la machoni, akasema hakuona. Nikabaki mimi.

Dada, mkono wangu ulikuwa mfukoni, na ulibaki mfukoni. Nikasema sikuona mguso wowote.

Kelele iliyolipuka siwezi kuiandika. Akina mama walirusha vitambaa juu, Mama Monicah alikuwa ameshaanza kucheza. Ndipo Michiko akavua kofia ya waya. Alikuwa anatweta, nywele zimemganda usoni. Akainua mkono wa kushoto juu kabisa, akasema kwa Kiswahili chake hicho cha kukatakata, kwa sauti ya darasani, kwamba ameguswa, na ameguswa kwanza. Kisha akamwinamia Kioko, na Kioko akamwinamia, na mchezo ukaisha.

Unafikiri walimshangilia? Hakuna aliyepiga kofi. Wengine walizomea. Mama mmoja alitema mate chini akasema ati huyu amenunuliwa na polisi. Kufika Jumatatu picha ilikuwa imetolewa dirishani, na kulikuwa na picha ya harusi. Watoto walitupa vijiti vyao. Mama Monicah alimpikia chakula, lakini siku kumi hakumwita Wangechi, alimwita mwalimu. Kwa watu wa huku, hilo ni kama kufungiwa mlango.

Mimi nilijificha. Jumanne alinikuta katika chumba cha walimu, akakaa mbele yangu na mkebe wake wa chaki. Nilijitayarisha kwa matusi, na hakuwa nayo. Aliniuliza tu, kwa upole, kama nilikuwa nimeona. Nikasema nimeona. Akauliza nilinyamaza kwa ajili ya nani. Nikasema kwa ajili yako. Akatikisa kichwa. Akasema nilinyamaza kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu niliogopa kelele za watu wale, na kwamba mtu anayenyamaza hivyo huwa hajui kwamba mzigo hautui chini, unampata mwingine aubebe. Angeshinda, alisema, angekwenda kwao mwezi ujao na ushindi wangu ndani ya mfuko wake, na kila akiufungua ungemnukia.

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikasema kengele imelia, na kengele haikuwa imelia.

Sasa sikia kilichotokea wiki iliyopita, maana bila hicho nisingeandika. Huku kila asubuhi akina mama hupeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika. Kila mmoja humimina yake kwenye mkebe mkubwa wa pamoja, na karani hutumbukiza kipimo kuona kama kuna aliyetia maji. Jumatano kipimo kilikataa. Karani akasema mkebe mzima utamwagwa, wa watu kumi na wanane, na kama mhalifu hajulikani, basi wote wanarudi nyumbani na mitungi mitupu. Nilikuwa hapo nanunua maziwa yangu ya chai. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake kwa jicho la kumla. Ghafla Mama Monicah, nakuapia dada, aliweka mtungi wake chini, akainua mkono juu kama alivyomwona mpangaji wake, akasema, "Mimi nimeguswa. Hiyo maji ni yangu. Ng'ombe imekauka na nilikuwa naona haya kuleta kidogo."

Mmoja akacheka, wote wakacheka, na karani akacheka bila kutaka. Maziwa yalimwagwa vilevile, sheria ni sheria, lakini hakuna aliyemtukana, na wawili walimpelekea maziwa ya chai jioni. Na sasa imekuwa desturi ya hapa, ukisikia mtu amekanyaga miche ya jirani, anainua mkono, anasema nimeguswa, wanamalizana. Hata wasichana darasani mtu akinakili hesabu za mwenzake. Mama Monicah amerudi kumwita Wangechi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Picha haijarudi dirishani, na Michiko anasema iachwe ilipo.

Nilitoka kituoni siku hiyo na chupa yangu tupu, nikajiambia kwamba mama mjane ana ujasiri kunishinda mimi mwenye cheti cha ualimu. Kesho yake barua yako ikafika.

Dada Nasirumbi, sasa nimefika. Weka chini unachoshika. Kama binti yako ndiye anayekusomea, mwambie atoke, maliza mwenyewe, polepole, kidole juu ya mstari kama ulivyozoea. Darasa la tano linatosha kusoma haya.

Kaa la moto halikudondoka mkononi mwako. Asubuhi ile ulikwenda kuomba moto kwa jirani, ukarudi na makaa kwenye kigae, ukawasha jiko, ukaenda mtoni. Mimi niliiba mahindi mawili mabichi, nikachukua kijinga kimoja cha moto jikoni, nikaingia chini ya ghala, pale kwenye nguzo, ili nisionekane nikichoma. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa mtoto wa kutojua. Upepo ukaja. Nikakimbia. Nilirudi na watu waliokuja kuzima, nikiwa nimejipaka vumbi nionekane nimetoka mbali. Baba alipouliza, sikunyamaza tu, natamani ningekuwa nimenyamaza. Nilisema nilikuona umepita pale na kigae cha makaa. Ilikuwa kweli, ulipita, kwa hiyo uongo wangu ulipata mguu wa kusimamia.

Baba akasema mkono uliochoma chakula hautashika kalamu. Ulikuwa wa kwanza darasani, mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani kukuombea, Baba akamfukuza. Mwaka uliofuata ukaolewa. Karo iliyobaki ilikuwa ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mimi. Kila ubao nilioandika, nimeandika kwa chaki yako. Na yale maneno aliyokutamkia, kwamba ghala lako halitajaa, wewe umeyabeba miaka ishirini na mmoja. Kila mwaka mvua ikikosea unasema ni maneno ya Baba. Hayakuwa yako hata siku moja. Nilipokuletea shuka na sukari kila Krismasi ukasema una bahati ya ndugu, nilikuwa natoka nje nikisema naenda kuona ng'ombe.

Nilijiambia nitasema Baba akifa, ili nisimuumize. Huo nao ni uongo. Nilitaka afe ili nisimwone uso. Na sasa, akifa baada ya wewe kupiga magoti, jambo litakuwa limezikwa na jina lako juu yake, na hakuna mzee atakayelifukua.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: usikiri. Usipige magoti. Usipeleke kuku. Barua hii haipiti posta, nimempa Konstebo Wanyonyi anayekwenda nyumbani likizo Alhamisi hii, na ameniahidi kukuwekea mkononi. Mitihani inakwisha tarehe ishirini na saba. Ijumaa nitakuwa kwako kabla jua halijazama, na kuku wangu mwenyewe, jogoo wa Mama Monicah, ameniuzia bila kuuliza maswali, jambo ambalo si kawaida yake. Jumamosi tutaingia kwa Baba pamoja, wewe utaketi kwenye kiti, na atakayepiga magoti atakuwa mimi, mbele ya wazee walewale. Akinitamkia maneno, ayatamke. Akikataa kunisikiliza, nitayasema kwa wazee, na kanisani, na kwa yule mwalimu wako kama bado yu hai.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunifungia mlango, nitalala kwa jirani. Ukiwa na hasira, na iwe. Nimeiazima miaka mingi mno, ni yako. Nakuomba kitu kimoja tu, usiende kwa Baba kabla sijafika.

Michiko anaondoka mwezi ujao. Nilimwambia haya yote jana, kwa kuwa nilihitaji kuyasikia kinywani mwangu kwanza. Hakunisifu. Aliniuliza jina lako nani, akalirudia mara mbili mpaka likamkaa vizuri, kisha akamwaga chaki mezani akanipa ule mkebe wa biskuti nikuletee. Anasema uweke mbegu.

Nisalimie shemeji, nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, mwambie yule mdogo kwamba nitamletea kalamu mbili. Nisalimie majirani wanaoniuliza. Baba usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe.

Na Ijumaa ukiniona naja kwa njia ya mtoni, mkono mmoja juu, usidhani nakupungia.

Ni mimi mdogo wako,
Philemon Wasike